Shajara ya mradi: kuchagua ruta za BGP Lubumbashi kwa kuhesabu njia zinazoingia kwenye chipu

Shajara hii inafuata kazi ya kubadilisha ruta za mtandao mdogo wa Lubumbashi wenye wateja 640, wengi wao Kampemba na Ruashi, na mzigo wa gigabiti 1.9 kwa sekunde saa za jioni. Kabla ya kazi kulikuwa na ruta moja na njia mbili za chaguomsingi (zinazofuatwa na kila pakiti isiyo na njia yake mahususi) zilizoandikwa kwa mkono. Faiba ya upande wa Kasumbalesa ikikatika, ilibidi mtu aamke kugeuza njia. Tulitaka ruta mbili zinazotumia BGP (itifaki ya mitandao kuambiana njia za kufikia anwani), watoaji wawili wa juu wanaotuuzia intaneti (humu tunawaita Juu-A na Juu-B), na kubadilishana trafiki hapa hapa mjini kwenye LUBIX, kituo ambapo mitandao ya mjini hukutana. Hatua za kawaida tumezipitia haraka. Tulipokosea tumeandika kirefu, maana hapo ndipo pesa na siku zilipotea.

3 Machi 2025: tunahitaji njia ngapi?

Tuliamua kuhesabu njia kwanza, kisha ndipo tuangalie bei. Kila mteja wa PPPoE (anayeingia mtandaoni kwa jina na nywila) huzaa njia yake ya /32 (namba baada ya mkwaju ikipungua, kitalu cha anwani ni kipana zaidi; /32 ni anwani moja), kwa hiyo wateja 640 ni njia 640. Ukiongeza viungo vya minara na mitandao ya ndani, jumla ni kama 1,150. Kitalu chetu ni /22, yaani anwani 1,024. Tangu Januari 2020, ilipoanza hatua ya pili ya kugawa anwani zilizobaki, AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, haitoi zaidi ya hapo kwa ombi moja.

Upande wa nje ndio wenye uzito. Jedwali kamili la intaneti wakati huo lilikuwa na karibu njia milioni moja za IPv4 na zaidi ya 200,000 za IPv6. Swali likawa: je, mtandao wa gigabiti mbili unahitaji njia zote hizo ndani ya chipu ya ruta inayoelekeza pakiti? Siku hiyo tulidhani ndiyo.

11 Machi: kusoma karatasi za vifaa

Karatasi ya kifaa inaweza kuandika "njia milioni 2" bila kusema zinakaa wapi. Ruta ina majedwali mawili. La kwanza ni la programu. Humo BGP huweka kila njia iliyosikia kutoka kwa kila jirani, nalo hukaa kwenye RAM ya kawaida. La pili ni la chipu. Humo huingia njia iliyoshinda tu, moja kwa kila kitalu, ili pakiti ikifika ipatiwe mlango wake papo hapo bila kuisumbua CPU. Kumbukumbu ya chipu, mara nyingi ya aina ya TCAM, ni ghali, inakula umeme, na huwezi kuiongeza baadaye. Muuzaji akikutajia RAM ya gigabaiti 16, hajakwambia lolote kuhusu jedwali la pili.

Tena namba ya chipu hubadilika kufuatana na templeti uliyochagua, yaani mpangilio wa kugawa kumbukumbu yake. Swichi ya zamani ya Cisco, Catalyst 3750, inalionyesha jambo hili wazi. Kwenye templeti ya kawaida inabeba njia 8,000, lakini 6,000 kati yake ni za mashine zilizo jirani moja kwa moja. Njia za mbali, zile za BGP, zina nafasi 2,000 tu. Ukiweka `sdm prefer routing` na kuiwasha upya, jumla inakuwa 11,000, na za mbali 8,000. Ukiweka templeti ya VLAN, nafasi ya njia ni sifuri. Kifaa ni kilekile kimoja.

IPv4 na IPv6 nazo hugawana kumbukumbu. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la dunia lilivuka njia 512,000, na ruta nyingi za Cisco 6500 na 7600 zikayumba siku hiyo. Kadi zake kubwa zilikuwa na seli milioni moja, ila kwa chaguomsingi 512,000 zilitengewa IPv4 na zilizobaki zikawekewa IPv6, ambayo hula seli mbili kwa kila njia. Nafasi ilikuwepo, imefungwa upande wa pili wa ukuta. Dawa ilikuwa mstari mmoja, `mls cef maximum-routes ip 1000`, na kuwasha upya. Walioweka 768 badala ya 1000 walikutana na tatizo lilelile mwaka 2019.

Baada ya kusoma hayo tulijiwekea maswali manne ya kumwuliza kila muuzaji kwa maandishi. Njia ngapi za IPv4 kwenye chipu, na kwa templeti ipi? Ni ngapi zinabaki nikiwasha IPv6? Nikiwasha ukaguzi wa anwani ya chanzo, je, namba inapungua? (Kwenye baadhi ya chipu inapungua nusu nzima.) Na jedwali likijaa, kifaa kinafanya nini? Swali la nne ndilo wauzaji wengi hawalijibu, na ndilo lenye thamani kuliko yote.

24 Machi: kifaa cha mtumba, na jaribio lililotudanganya

Tulinunua swichi ya tabaka la tatu ya mtumba kwa dola 380, pamoja na 65 za usafiri. Tangazo lilisema inabeba BGP kamili. Tukaipima mezani kabla ya kuipeleka mnarani, na hapo tulifanya sawa. Namna ya kupima ndiyo tuliyoikosea.

Njia za majaribio tulizitoa kwenye kompyuta ya mapajani yenye GoBGP, programu ya BGP, tukitumia faili la jedwali halisi la RouteViews, mradi unaokusanya majedwali ya BGP. Faili huja limebanwa, kwa hiyo lifungue kwanza kwa `bunzip2`. Mara ya kwanza kompyuta yenye gigabaiti 8 ilikwama, kwa sababu faili lina njia za majirani wengi na kila kitalu hurudiwa mara nyingi. Bendera ya `--only-best` ilitatua hilo.

Mara ya pili njia zote ziliingia. RAM ilitosha, CPU ilitulia, programu ya kupima kasi iperf3 ikaonyesha megabiti 940. Tulikaribia kuandika hapa kwamba kifaa kinafaa. Kumbe faili lilikuwa limekuja na anwani za ruta inayofuata za huko lilikotoka, ambazo swichi yetu haikuwa na namna ya kuzifikia. Njia isiyofikika haiingii kwenye chipu. Njia karibu milioni moja zilikuwa zimelala kwenye RAM, na chipu ilikuwa tupu.

2 Aprili: jaribio lilelile, sasa kwa haki

```
gobgp mrt inject global --only-best --no-ipv6 --nexthop 192.0.2.1 rib.mrt 10000
```

`--nexthop` hulazimisha njia zote zielekee anwani iliyo jirani na swichi, kwa hiyo zinaingia kwenye chipu kweli. Namba ya mwisho ni idadi ya njia; tulianza na 10,000 tukapanda hatua kwa hatua. Kila hatua tulisoma kaunta za chipu zenyewe, hatukutazama orodha ya `show ip route`, maana hiyo inaonyesha jedwali la programu na itakuwa nzuri hata mambo yakiwa yameharibika.

Kufikia 15,000 hakukuwa na tatizo. Tulipofika 17,000 kumbukumbu ya njia ilijaa, ikaandikwa mara moja tu kwenye logi, kisha kimya. Trafiki ya vitalu vilivyowahi kuingia iliendelea kwa megabiti 940. Vilivyochelewa vikaangukia CPU kwa megabiti 55. Ping ilijibu vizuri pande zote mbili, na hapo ndipo hatari ilipo: mteja analalamika kwamba tovuti fulani ni nzito, fundi anapiga ping, anaona sawa, anamwambia mteja awashe upya kisanduku chake.

Kushushia kazi CPU ni namna moja tu ya kushindwa. Vifaa vingine huiacha njia isiyoingia na kufuata kitalu kipana zaidi kilichopo kwenye chipu. Ikiwa /24 imekosa nafasi na /16 inayoifunika inaelekea Juu-B, pakiti zinakwenda Juu-B ingawa BGP inakuonyesha Juu-A. Ruta ya pili ikiwa na maoni tofauti, pakiti zinazunguka kati ya ruta mbili mpaka TTL, idadi ya hatua inazoruhusiwa, iishe. Ukiona traceroute (orodha ya ruta ambazo pakiti inapita) inarudia hatua mbili zilezile huku jedwali la BGP likionekana safi, angalia chipu kabla ya kugusa kingine chochote.

Swichi tuliiuza tena kwa dola 250.

15 Aprili: machaguo matatu

La kwanza lilikuwa ruta kubwa ya mtumba. ASR1001-X ya Cisco yenye gigabaiti 8 inabeba njia milioni moja za IPv4, kiasi ambacho dunia ilikuwa imeshakikaribia, kwa hiyo ungekuwa unanunua ukuta. Yenye gigabaiti 16 inafika milioni 3.5 na inafaa. Lakini kasi yake hufunguliwa kwa leseni, kuanzia gigabiti 2.5, na mtumba mara nyingi huja bila leseni ya juu. Uliza leseni kabla ya kuuliza bei.

La pili ni kompyuta ya kawaida yenye Linux na programu ya BGP kama FRR au BIRD. Hapo hakuna chipu ya kujaa, njia zote zinakaa kwenye RAM, na jedwali kamili haliitishi. Kwa mtandao wa gigabiti mbili au tatu hili ni chaguo la heshima, wala asikudharau mtu ukilichagua. Tuliliacha kwa sababu ya diski na usambazaji wa umeme mmoja tu kwenye mashine tulizozipata mjini.

La tatu, tulilochagua, ni ruta mbili za MikroTik, CCR2116, zinazotumia mfumo wa RouterOS; kila moja ina: viini 16 vya CPU, RAM ya gigabaiti 16, vyanzo viwili vya umeme ndani, milango minne ya gigabiti 10. Kiwanda kinaandika kwamba chipu yake inabeba njia 16,000 hadi 36,000 za IPv4. Namba ina pande mbili kwa sababu vitalu vya /8, /16 na /24 hula nafasi ndogo kuliko vya katikati kama /22. Jedwali kamili haliingii humo hata kwa maombi. Kwa hiyo kuchagua kifaa hiki ni kuchagua kuchuja njia, na lazima uamue hivyo siku ya kununua.

9 Mei: ufungaji

Ruta zimefungwa. Juu-A na Juu-B tuliwaomba watume njia ya chaguomsingi pamoja na njia za wateja wao wenyewe, si jedwali zima. Watoaji wengi wana jumuiya ya BGP (lebo inayobandikwa kwenye njia) kwa kazi hiyo. Ukiomba kwa maandishi wanakuwekea siku hiyohiyo.

Kosa la siku: baada ya kuandika kichujio, njia zote zilipotea. Kwenye RouterOS 7, ukitaja mnyororo wa kichujio, chochote kisichokubaliwa waziwazi kinakataliwa mwishoni. Mstari wa mwisho wa `accept` ulikuwa haupo. Dakika 11 za kukatika, saa nane usiku.

22 Mei: njia ya chaguomsingi ilisukumwa nje

Hili ndilo kosa kubwa la mradi mzima.

Juu-B alituambia anaweza kutupa pia njia za eneo lote la kusini mwa Afrika, ili trafiki ya Johannesburg ipite kwake kwa usahihi zaidi. Tukakubali. Njia zilifika kama 46,000, tukaona RAM haijatikisika, tukaenda nyumbani. Saa moja na nusu usiku CPU ilipanda kutoka asilimia 4 hadi 46 kwa wastani, lakini viini vitatu vilikuwa vimefika 100, na pakiti zikaanza kupotea kwa baadhi ya wateja tu.

Kwanza tulishuku shambulio, kisha faiba. Saa mbili zilipita kabla ya kuangalia hapa:

```
/interface/ethernet/switch/l3hw-settings/monitor
  ipv4-routes-total: 52418
  ipv4-routes-hw: 31206
  ipv4-routes-cpu: 21212
  ipv4-shortest-hw-prefix: 24
```

Mstari wa mwisho ndio wenye habari. Chipu ikizidiwa, RouterOS huanza na vitalu vidogo, /32 kwanza, kisha huteremka kuelekea vipana mpaka nafasi iishe. Haiwezi kufanya kinyume, maana kitalu kipana kingemeza pakiti za kitalu kidogo kilichobaki nje. Hapa ilifika /24 ikasimama. Kila kilicho kipana kuliko /24 kilishughulikiwa na CPU, na kilicho kipana kuliko vyote ni 0.0.0.0/0, njia ya chaguomsingi, inayobeba sehemu kubwa ya trafiki yetu. Tuliongeza njia ili tupate usahihi kwa asilimia chache za trafiki, tukaitoa kwenye chipu njia iliyokuwa ikibeba karibu yote.

Dawa ya haraka usiku huo ilikuwa kuzikataa njia za eneo kwenye kichujio. Ndani ya dakika moja namba ilirudi 0 na CPU ikashuka. Hiyo 0 ndiyo tunayoisimamia sasa: `ipv4-shortest-hw-prefix` isiposoma 0, onyo linakwenda kwenye simu ya fundi wa zamu. Usisubiri CPU ikwambie, kwa sababu mchana mzigo ukiwa mdogo CPU inameza kosa lote bila kuonyesha dalili.

Ukitaka njia zibaki kwenye BGP lakini zisishughulikiwe na chipu, kichujio kinaweza kuweka `set suppress-hw-offload yes` kabla ya `accept`. Tuliijaribu kwa njia 2,000 na inafanya kazi, lakini kumbuka kwamba trafiki ya njia hizo inakwenda CPU.

5 Juni: vipimo vya trafiki vilikuwa vimezimika

Badala ya njia za eneo lote tuliamua kuchagua chache zenye uzito: tupime wiki moja trafiki inaelekea wapi, tuchukue vitalu vinavyobeba sehemu kubwa, hivyo ndivyo vipewe njia mahususi. Tukafungua vipimo kwenye ruta za BGP tukakuta karibu hakuna kitu. Pakiti inayopita ndani ya chipu haionwi na CPU, kwa hiyo haihesabiwi na Traffic Flow, kipimo cha trafiki cha RouterOS, na pia haipiti kwenye faya wala foleni za kugawa kasi.

Jambo la faya ni zito kuliko la vipimo. Sheria tulizoziweka kuwalinda wateja zilikuwa zimeandikwa kwenye ruta hizo, na tangu tarehe 9 Mei zilikuwa hazigusi trafiki inayopita. Tuliirekebisha siku hiyo: sheria za wateja, foleni na vipimo vyote vimehamia kwenye mashine za PPPoE, ambako kila pakiti hupita CPU kwa vyovyote vile. Ruta za BGP zimebaki na sheria za kujilinda zenyewe tu. Anayeiga kazi hii aanze na mgawanyo huo kabla ya kuwasha `l3-hw-offloading`, mpangilio unaopitisha trafiki ndani ya chipu.

Baada ya wiki ya kupima, vitalu 1,900 vilibeba asilimia 93 ya trafiki yetu. Sasa njia zote kwenye chipu ni 6,340: za ndani, za LUBIX, za wateja wa Juu-A na Juu-B, vitalu hivyo 1,900 na njia ya chaguomsingi. IPv6 tumeiacha kwenye CPU kwa sasa, kwa kuwa trafiki yake ni ndogo na nafasi ya chipu tunaihitaji.

Kila kikao cha BGP kimewekewa kikomo cha njia zinazopokelewa. Siku jirani akikosea akakutumia jedwali zima, bila kikomo yaliyotokea tarehe 22 Mei yatakurudia bila wewe kugusa kitu.

19 Juni: umeme

SNEL, shirika la umeme, ilikata, na betri zilizochoka zikaisha baada ya dakika 25. Ruta zilipowaka, njia 6,340 zilikuwa kwenye chipu ndani ya sekunde 20 tangu vikao vya BGP kusimama. Tulipojaribu jedwali kamili mezani mwezi Aprili, kupanga njia kulichukua zaidi ya dakika tatu, na katika muda huo sehemu ya trafiki ilikuwa ikipotea. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, tofauti hiyo utaikuta kila wiki. Betri mbili mpya, moja kwa kila chanzo cha umeme, zimenunuliwa. Vichujio vya vumbi vinasafishwa kila wiki mbili hadi mvua zianze.

30 Juni: gharama

CCR2116 mbili, kila moja dola 1,160 ikiwa imefika Lubumbashi (bei ya kiwanda ilikuwa 995, kilichobaki ni usafiri na ushuru): 2,320. Swichi ya mtumba pamoja na usafiri wake: 445. Moduli sita za SFP+ (za milango ya gigabiti 10) kwa dola 28 kila moja: 168. Kebo mbili za shaba za gigabiti 10: 44. Betri mbili: 420. Jumla 3,397, na tukiondoa 250 tulizopata kwa kuuza swichi, 3,147.

Hasara halisi ya swichi ni dola 195. Jaribio la tarehe 2 Aprili lingeweza kuiokoa yote kama tungemwomba muuzaji kaunta za chipu kabla ya kulipa. Sasa tunaziomba kama picha ya skrini, na asiyetaka kuzitoa tunamwacha.

Kinachofuata ni kuhamisha IPv6 kwenye chipu kwa `ipv6-hw=yes`, usiku, huku tukitazama namba ya IPv4 isitoke 0. Matokeo yataongezwa hapa.